Kompyuta yangu mpya ya gemu: nilianza na monita, kadi ikafuata

Kwa wiki tatu nzima daftari langu lilianza na prosesa. Naandika prosesa, ubongo wa kompyuta, natafuta mazabodi (bodi kuu) inayoikubali, naongeza RAM (kumbukumbu ya kazi), na nikifika kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha, bajeti imeshakata pumzi. Nafuta, naanza upya. Siku nilipofungua ukurasa mpya nikaandika monita juu kabisa, vifaa vingine vyote vilijipanga vyenyewe. Kompyuta niliyoiunda kwa mpango huo nimeitumia miezi 14 sasa, karibu kila jioni, na naipenda kweli. Nataka nieleze kila kifaa kilivyoingia, kilichonifaa, na ambacho leo ningekichagua tofauti.

Kompyuta niliyotoka nayo ilikuwa na prosesa ya Core i5-7400 na GTX 1060 ya GB 6, kadi iliyotoka mwaka 2016. Sitaisema vibaya hata kidogo. Kwenye monita ya inchi 24 ya 1920 kwa 1080 ilinitunza miaka mingi. Ila prosesa ile ina viini (sehemu zinazofanya hesabu) vinne tu, na gemu nyingi za sasa zinahitaji zaidi ya hapo: nikiingia kwenye mji wenye watu wengi, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Windows 11 nayo haiikubali prosesa ya kizazi kile, na Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba Windows 10 itaacha kuhudumiwa Oktoba 2025. Kuipachika kadi mpya mwilini mwake kungekuwa kumvisha mzee viatu vya mkimbiaji.

Niliyemuuliza kwanza alikuwa muuzaji wa vifaa. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Dada, chukua prosesa kubwa sasa, kadi utaongeza baadaye." Ushauri huu nimeusikia kwa watu wengi, na kwa kompyuta ya gemu naupinga kabisa. Prosesa kubwa yenye kadi dogodogo inakaa bure ikisubiri kadi imalize kuchora. Mtu anayehariri video au kukokotoa mahesabu mazito atakuwa na sababu zake. Mimi nilikuwa naunda mashine ya kuchezea.

Kwa nini monita ije kwanza? Kwa sababu monita ndiyo inayoamua kadi itachora vitone (pikseli) vingapi, mara ngapi kwa sekunde. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400, yaani kazi imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Halafu njoo kwenye mwendo. Ukitaka fremu, yaani picha kamili, 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 za kumaliza kila fremu. Ukitaka 144, inabakiwa na milisekunde 7 hivi. Katika muda huo prosesa ipange nani yuko wapi na nani amepigwa, kadi nayo ichore kila kitu na kuipeleka picha. Usipojua monita yako itadai nini, utajuaje kadi ipi inatosha?

Nilichukua ya inchi 27, 2560 kwa 1440, Hz 165, yaani inaonyesha hadi fremu 165 kwa sekunde, yenye paneli ya IPS (aina ya kioo cha skrini). Nakaa kama sentimita 70 kutoka kwenye kioo, na kwa umbali huo vitone 109 kwa kila inchi vinanitosha kabisa. Inchi 24 yangu ya zamani ilikuwa na 92. Angalizo moja hapa: inchi 27 yenye 1080 inashuka hadi vitone 82 kwa inchi, na maandishi yanaanza kuonyesha meno pembeni. Ukibaki na 1080, baki na inchi 24.

Kitu ninachokiweka juu hata kuliko hizo Hz 165 ni uwezo wa monita kuufuata mwendo wa kadi. Kadi ikitoa fremu 93, monita inaonyesha 93. Ikishuka hadi 71, monita inashuka nayo. Bila hilo, picha hukatika katikati ukigeuka haraka, nusu ya juu iko fremu hii na nusu ya chini iko nyingine, kama bango lililobandikwa vipande viwili visivyokutana. Nimecheza miaka bila kujua kwamba ule mkato una dawa. Hakikisha tu umeiwasha kwenye menyu ya monita yenyewe na kwenye programu ya kadi pia, kwa sababu upande mmoja peke yake hautoshi.

Sasa kadi. Hapa ndipo nililala macho wazi.

Wakati ule mezani kulikuwa na tatu: RTX 4060 Ti na RTX 4070 za NVIDIA, na Radeon RX 7800 XT ya AMD. Zote zilitoka mwaka 2023. Ya kwanza huuzwa kwa sura mbili, ya GB 8 na ya GB 16, chipu ikiwa ileile. Ya pili ina GB 12. Ya tatu ina GB 16. Watu wengi hutazama fremu tu kwenye majaribio, wakaisahau hii kumbukumbu ya kadi, na ndiyo inayoamua kadi itazeeka vipi.

Niieleze kwa namba. RTX 4060 Ti ya GB 8 husoma kumbukumbu yake yenyewe kwa kasi ya GB 288 kwa sekunde. Ikijaa, vitu vilivyokosa nafasi, yaani picha za kuta, nguo, nyuso na majani, vinawekwa kwenye RAM ya kompyuta, na kuvirudisha ni lazima vipite njia ya PCIe, inayounganisha kadi na mazabodi. Kadi ile ina njia nane tu za PCIe 4.0, zinazopitisha kama GB 16 kwa sekunde. Kutoka 288 hadi 16! Ndiyo maana kadi iliyojaa haipungui polepole kwa ustaarabu. Inakwenda vizuri, inaganda, inakwenda, inaganda, au kuta zinabaki na ukungu kama umevua miwani. Wastani wa fremu kwenye chati unaweza kuonekana safi kabisa huku mchezaji anateseka. Ukisoma majaribio, tafuta ile namba ya fremu za chini kabisa, asilimia moja ya mwisho. Hiyo ndiyo utakayoisikia mkononi.

Kwa 1440 niliiondoa GB 8 mara moja. Ikabaki 4070 na 7800 XT, na hapa sitamlaumu atakayechagua tofauti na mimi. RTX 4070 inakula wati 200, na Radeon wati 263. RTX inaimudu zaidi kazi ya kufuatilia miale ya mwanga, ile inayofanya maji na vioo viakisi kama vya kweli. Pia ina DLSS, ambayo huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa modeli iliyofundishwa, na matokeo yake ni safi mno. Radeon ilikuwa na FSR, mbinu yake ya kukuza picha, na kwa kizazi hiki cha kadi naiona iko nyuma. Tazama uzio wa waya kwa mbali, au nywele za mtu anayekimbia: kwa FSR zinametameta na kuchemka, kwa DLSS zinatulia.

Nilijiuliza swali moja tu: mimi nacheza nini? Nacheza mpira na gemu za kurusha risasi, na kwa mwaka labda mbili tatu za hadithi ndefu. Kwenye mpira na risasi miale ya mwanga siiwashi kabisa. Kwenye hadithi ndefu nataka picha za ubora wa juu, na hizo zinakula kumbukumbu. Nikachukua 7800 XT. Cyberpunk 2077 kwenye 1440, mipangilio ya juu bila miale, inakwenda zaidi ya fremu 80 na sijaiona ikiganda. Nikiwasha miale yote zinaanguka chini ya nusu, basi naizima na kuendelea na safari. Miezi 14 baadaye chaguo hili sijalijutia hata siku moja, ila wati zake nazisikia. Baada ya saa mbili za kucheza, chumba kidogo kinapata joto lake.

Anayechagua leo ana kadi nyingine mbele yake. Machi 2025 zilitoka RX 9070 na RX 9070 XT, zote za GB 16, na upande huo wa AMD sasa una FSR 4 inayotumia modeli iliyofundishwa, tena miale inazisumbua kidogo kuliko zamani. NVIDIA nayo ilileta RTX 5070 ya GB 12, na RTX 5060 Ti ambayo tena imekuja kwa sura mbili, GB 8 na GB 16. Majina yamebadilika, mtego ni uleule: jina moja kwenye boksi, kumbukumbu mbili tofauti. Soma boksi mpaka mwisho.

Baada ya kadi, prosesa haikunichukua hata jioni moja. Ryzen 5 7600: viini sita, nyuzi za kazi 12, wati 65 kwa maelezo ya AMD. Moyo wangu ulikuwa kwa Ryzen 7 7800X3D, yenye viini vinane na keshi, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ya MB 96 badala ya 32. Ile keshi kubwa hufanya prosesa isiende RAM kila mara kuuliza data, na kwa gemu inaleta tofauti kubwa, hasa ukicheza kwenye 1080 ukitafuta fremu 240 na zaidi. Mimi kwenye 1440 kadi ndiyo inayofika kikomo kwanza, kwa hiyo faida ile ningeilipia bila kuiona.

Ukitaka kujua kwako kikomo kiko wapi, fanya hivi kabla hujanunua chochote. Fungua gemu unayoicheza sana, simama mahali penye vurugu, andika fremu. Shusha ukubwa wa picha hadi 720 au chini ya hapo, simama palepale, andika tena. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Kwenye kompyuta yangu ya zamani, pale katikati ya mji, hazikusogea hata fremu tatu. Hapo niliacha kufikiria kuongeza kadi peke yake.

Kilichonivuta zaidi kwenye 7600 ni soketi ya AM5, yaani mahali pa kuipachika prosesa kwenye mazabodi. AMD imesema itaendelea kuihudumia hadi 2027 na kuendelea, na mtangulizi wake AM4 alinipa imani: mtu aliyenunua mazabodi nzuri mapema aliweza miaka baadaye kubadilisha BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, na kupachika prosesa ya kizazi kipya kabisa. Kwa hiyo 7800X3D sikuikataa, niliiahirisha. Upande wa Intel, wakati nachagua, kulikuwa na ile habari ya prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 kupoteza utulivu. Intel ilikiri mwaka 2024, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Sikutaka kuanza maisha mapya na wasiwasi.

Mazabodi ni ya B650, aina mojawapo ya mazabodi za AM5, na nitaipita haraka. Nilitaka nafasi nne za RAM, nafasi mbili au zaidi za SSD (diski za kasi) za M.2, vipande vizito vya chuma juu ya sehemu inayolisha prosesa umeme, na kitufe cha kubadilisha BIOS bila prosesa. Za bei ya juu zaidi huongeza taa na milango mingi ya USB. Fremu haziongezi.

RAM ndiyo iliyonifundisha kwa njia ngumu. Nilichukua vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000, CL30. Hizo namba mbili, 6000 ya kasi na CL ya kuchelewa kujibu, zisomwe pamoja. Kijiti cha 6000 chenye CL30 huanza kujibu baada ya nanosekunde 10, wakati cha 5200 chenye CL40 kinachukua zaidi ya 15. Na viwe viwili, si vinne: Ryzen 7000 rasmi inakubali 5200 kwa vijiti viwili, lakini kwa vinne inashuka hadi 3600. Vipachike nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, kwa maana bila hivyo RAM uliyoilipia 6000 itatembea 4800 maisha yake yote, na kompyuta haitakuambia kitu.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, skrini ilibaki nyeusi. Feni zinazunguka, hakuna picha. Kwenye kona ya mazabodi kijitaa kimewaka kando ya neno DRAM, yaani RAM. Dakika moja, mbili. Mdogo wangu aliyekuwa ameshika bisibisi muda wote akaninong'oneza, "Dada, umeiunguza?" Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi ya nyuma. Bahati nzuri nilikuwa nimesoma kwamba AM5 ikiona RAM ngeni huifanyia majaribio, inapima kila kijiti kinavyojibu, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Nikamwambia tusubiri. Tulikaa sakafuni tukitazama kile kijitaa. Dakika ya saba kwa saa ya simu yangu kikazimika, kikawaka kingine, na menyu ya BIOS ikajaa skrini yote. Mdogo wangu alipiga kelele hadi nikamziba mdomo. Anayeunda AM5 kwa mara ya kwanza alijue hili kabla, kwa sababu kuizima katikati kunairudisha mwanzo, na wapo wanaofungua kila skrubu wakitafuta kosa ambalo halipo.

Wiki ya tatu shida ya kweli ikaja. Gemu inajifunga bila neno, mara skrini ya bluu, na ujumbe kila siku tofauti. Ujumbe unaobadilika-badilika hunipa shaka na RAM. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiwashia kompyuta kutoka hapo, na baada ya nusu saa mistari myekundu ikaanza kushuka. Nilizima EXPO, bado. Nikakipima kijiti kimojakimoja: cha kwanza kilipita mizunguko minne safi, cha pili kikaanguka mzunguko wa kwanza. Dukani walitaka kunibadilishia kile kibovu tu. Nilikataa kwa adabu. Vijiti hivi huuzwa kama jozi kwa sababu vimepimwa pamoja, na cha jozi nyingine kinaweza kuwa na chipu za aina nyingine ndani. Wakanipa jozi mpya, na tangu hapo sijaiona ile bluu. Hivyo nashauri upime RAM usiku wa kwanza, kabla hujapakia hata gemu moja, huku risiti ingali mezani.

Kuna jambo jingine la siku za mwanzo ambalo naona vizuri nilieleze, maana linampata yeyote. Mdogo wangu alikaa kucheza kwanza, nilimwahidi. Baada ya dakika mbili akanigeukia. "Dada, mbona inakwama kuliko ile ya zamani?" Nikatazama pembeni: fremu 14. Kwenye kadi kubwa kama ile! Nikagusa feni za kadi, zimesimama kabisa, wala joto hakuna. Nikainama nyuma ya kasha nikaufuata waya wa monita kwa vidole, nikakuta umeingia kwenye mlango wa mazabodi. Ryzen 5 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, ndiyo iliyokuwa ikihangaika peke yake. Nikauhamishia kwenye DisplayPort ya kadi, mlango ulio chini zaidi na uliolala, feni zikaamka, na gemu ikaruka. Na bado Windows ilikuwa imeiweka monita kwenye Hz 60. Ingia kwenye mipangilio ya skrini uipandishe mwenyewe.

Kwa SSD nilichukua WD Black SN770 ya TB 2. Inasoma hadi MB 5,150 kwa sekunde. Samsung 990 Pro inafika 7,450 na ni kifaa bora, lakini gemu haifunguki mapema kwa uwiano huo, kwani prosesa nayo lazima ifungue mafaili yaliyobanwa. SSD ya SATA, aina ya zamani inayoishia kama 550, nayo bado inafaa kuhifadhia gemu za zamani. Heri ukubwa kuliko mbio: Baldur's Gate 3 peke yake inataka GB 150.

Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme, naomba isichukuliwe kwa mabaki ya bajeti. Kadi yangu wati 263, prosesa chini ya 90, feni na vingine kidogo, jumla kama 400 ikielemewa kabisa. Niliweka Corsair RM750e ya wati 750. Ziada ile ina kazi: kadi za kisasa huvuta umeme kwa miruko ya ghafla ya sehemu ndogo sana ya sekunde, inayopita wastani wake kwa mbali, na pawa saplai dhaifu huzima kila kitu kwa kujilinda. Kiwango cha ATX 3.0 cha pawa saplai kinadai ivumilie mruko wa hadi mara mbili ya nguvu yake kwa mikrosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Nembo ya 80 Plus Gold inasema umeme kiasi gani haupotei kama joto. Haisemi nyaya ni imara wala kinga ipo, kwa hiyo soma majaribio ya waliofungua ndani. Na usichukue nyaya za pawa saplai ya zamani ukazichomeka kwenye mpya hata kama zinaingia. Upande wa kadi plagi zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na kosa hilo huua diski na mazabodi kwa sekunde moja.

Kasha la zamani nilitaka kulibakisha. Kabla kadi haijafika nilikata boksi kwa urefu wake, sentimita 32, upana na unene wake vilevile, nikaliingiza ndani kama kadi yenyewe. Likagota kwenye kizimba cha diski, sentimita mbili zimezidi. Kipande cha boksi kiliniokolea aibu ya kurudisha kadi. Nikanunua kasha lenye wavu mbele, feni tatu zikivuta hewa na moja nyuma ikitoa. Kioo mbele kinapendeza kwenye picha, ila hewa haipiti kwenye kioo.

Kipozeo kidogo kinachokuja na 7600 kinaiwezesha kufanya kazi. Mimi nilitaka utulivu, nikafunga Thermalright Peerless Assassin 120 SE: minara miwili, mirija sita ya shaba, feni mbili, urefu milimita 155. Pima kasha kabla. Gemu nzito kabisa sijaona prosesa ikivuka nyuzijoto 70. Cha kuangalia ni kuifunga skrubu kwa zamu, mizunguko miwili upande huu, miwili upande ule, ili ishuke sawasawa. Na kabla ya hapo, wakati wa kuibana prosesa yenyewe, usiogope ule mlio wa kukwaruza mkono wa chuma unaposhuka. Pini 1,718 ziko kwenye soketi, prosesa imelala tu juu yake. Linganisha pembetatu ya pembeni, iache itue kwa uzito wake, usiisukume kwa kidole hata kidogo.

Ningebadilisha nini? Kwenye monita ningeongeza bajeti zaidi. Nilichukua paneli ya IPS ambayo gizani nyeusi yake inakuwa kijivu, na kwenye hadithi zinazopita mapangoni jambo hilo linaniudhi kila mara. Leo ningepunguza kwenye kasha na SSD niende OLED, paneli ambayo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Kadi ningebaki na GB 16. RAM, pawa saplai na kipozeo nisingegusa.

Prosesa ndiyo itakayofuata. Mwezi uliopita niliweka BIOS mpya ili mazabodi iwe tayari, na ile 7800X3D, au ndugu yake wa kizazi kipya, itakaa kwenye soketi ileile bila kubadilisha RAM wala kipozeo. Mdogo wangu ameshaiweka nafasi 7600. Juzi nilimkuta na daftari lake, ukurasa wa kwanza ameandika "monita", na chini yake amepiga mistari miwili.